Picha ya Sasa Hivi: Kufunga Kamera ya USB kwenye Droni

Anayetaka kurusha video mubashara kutoka kwenye droni mara nyingi huanza kwa kuuliza kamera ina megapikseli ngapi. Swali hilo linamfaa mpiga picha za harusi. Rubani anapaswa kuuliza jingine: hiki ninachokiona kwenye skrini kimetokea lini? Droni inayokwenda mita 15 kwa sekunde, ikiwa picha yake inachelewa sekunde 0.2, imekwisha kusogea mita 3 mbele ya pale unapodhani ipo. Ikichelewa nusu sekunde ni mita 7 na nusu, na ndani ya mita hizo panatosha tawi la mwembe, nyaya za umeme na mnara wa simu. Kwa hiyo kila uamuzi utakaoufanya, kuanzia kamera ya kununua hadi amri ya kuandika, upime kwa jambo moja: unaiharakisha picha au unaichelewesha? Uzuri wa picha unafuata baadaye.

Mfumo tutakaoujenga ni huu. Kamera ya USB inachomekwa kwenye Raspberry Pi 4 iliyofungwa juu ya droni. Pi inaipokea picha, inaibana na kuirusha kwa Wi-Fi. Chini, laptopu au simu yenye programu ya QGroundControl inaipokea na kuionyesha. Bodi inayoongoza urukaji, iwe inatumia ArduPilot au PX4, inabaki na kazi yake, na rimoti inabaki na redio yake. Video na uongozaji viache vitengane. Video ikikatika, droni lazima iendelee kuitii rimoti kama kawaida.

Kuchagua kamera

Kamera za USB zina sifa moja kubwa: karibu zote zinafuata kanuni iitwayo UVC, na Linux inaielewa kanuni hiyo tangu toleo la 2.6.26 la mwaka 2008. Kamera ya mikutano uliyoinunua Kariakoo au Luthuli Avenue utaichomeka kwenye Pi na itatambuliwa bila kusakinisha kitu chochote cha ziada. Waya wake pia unaweza kufika mita moja na zaidi bila taabu, ilhali utepe mwembamba wa kamera ya Pi yenyewe hukatika upesi na husumbuliwa na redio zilizo karibu nao. Hasara yake ni kwamba inachelewa zaidi kuliko kamera ya utepe, kwa sababu picha hubanwa ndani ya kamera, hufunguliwa kwenye Pi, kisha hubanwa tena kabla ya kurushwa. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni kuipunguza hasara hiyo.

Kamera ya mezani kama Logitech C920 inatosha kwa kujifunzia. Ina upana wa kuona wa nyuzi 78, ambao unafaa kukagua paa au nguzo, lakini ni mwembamba kwa mtu anayetaka kuongoza droni kwa kutazama skrini. Tena ni nzito: pamoja na kishikizo na waya wake inapita gramu 150. Ukiifungua na kutoa ganda, uzito unapungua sana, ila hakikisha bodi yake ya ndani haigusi chuma wala kaboni ya fremu, kwa sababu kaboni hupitisha umeme.

Pendekezo langu kwa anayejenga droni ya kudumu ni bodi tupu za kamera za USB, zile za mraba zenye upande wa milimita 38 na tundu la lenzi ya M12. Zinauzwa bila ganda, zina matundu manne ya skrubu, na lenzi yake inabadilishwa kwa kuizungusha. Unaweza kuanza na lenzi pana ya kuongozea na baadaye ukaweka nyembamba ya ukaguzi. Ukishapata fokasi nzuri ya vitu vilivyo mbali, tia tone la gundi kwenye nyuzi za lenzi, maana mtetemo wa mota huilegeza taratibu na picha ikaanza kufifia bila wewe kujua sababu.

Kamera yenye fokasi ya kujiendesha inahangaika ikiwa hewani. Mtetemo unaifanya ifikiri kitu kimesogea, nayo inaanza kutafuta upya, na kwa muda huo picha inakuwa ukungu mtupu. Ukiwa huna nyingine, izime fokasi hiyo kwa amri nitakayoitaja baadaye.

Jambo la mwisho kabla ya kulipa: vihisi vingi vya bei nafuu husoma picha mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Droni inapotetemeka, mistari ya chini inasomwa wakati kamera imekwisha kusogea, na picha inajikunja kama uji unaotikiswa kwenye sahani. Zipo kamera za USB zinazosoma picha nzima kwa mpigo mmoja, na maelezo ya muuzaji huziita global shutter. Zina bei zaidi na nyingi zina ukubwa mdogo wa picha. Kwa kuchukua vipimo au kwa kompyuta inayotambua vitu, zinafaa hela yake. Kwa macho ya binadamu, kufunga kamera vizuri kunatosha.

Isikilize kamera kabla ya kuiamrisha

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo twende polepole. Chomeka kamera kwenye Pi, fungua terminali, andika amri hizi mbili:

v4l2-ctl --list-devices
v4l2-ctl -d /dev/video0 --list-formats-ext

Ya kwanza inakuonyesha kamera zilizopo na majina yake ya mfumo. Usishangae kamera moja ikitokea na majina mawili, /dev/video0 na /dev/video1. La pili kwa kawaida hubeba taarifa za ziada tu na halitoi picha. Amri ya pili inaorodhesha miundo ya picha ambayo kamera inaweza kuitoa, ukubwa wake, na idadi ya fremu kwa sekunde. Soma orodha hiyo yote. Kilichoandikwa kwenye boksi la kamera ni tangazo, kilicho kwenye orodha hii ndicho kamera yenyewe inachokiri.

Utakutana hasa na majina matatu: YUYV, MJPG na H264.

YUYV ni picha ghafi isiyobanwa. Kila nukta inachukua baiti 2. Picha ya nukta 640 kwa 480 yenye fremu 30 kwa sekunde inahitaji megabiti 147 hivi kila sekunde. Ukipanda hadi 1280 kwa 720, ni megabiti 442. USB 2.0 inasifiwa kwa megabiti 480, lakini njia ambayo kamera hutumia kupeleka picha, ile inayotengewa nafasi maalumu, haizidi baiti milioni 24.6 kwa sekunde, yaani kama megabiti 197. Ndiyo maana kamera ya USB 2.0 inayotoa YUYV ya 720 hukuandikia fremu 10 kwa sekunde badala ya 30. Fremu 10 kwa sekunde ni kusubiri milisekunde 100 kati ya picha na picha, kabla hata hujabana wala kurusha chochote. Mtu asiyeisoma orodha anaiacha programu ichague yenyewe, programu inachukua YUYV, kisha analaumu Wi-Fi.

MJPG ni mfululizo wa picha za JPEG, kila fremu ikiwa imebanwa peke yake ndani ya kamera. Inapita USB 2.0 kwa urahisi ikiwa na 720 au hata 1080 kwa fremu 30. Huu ndio muundo utakaoutumia mara nyingi.

H264 ikiwemo kwenye orodha, umepata bahati, kwa kuwa kamera yenyewe imeshafanya kazi ngumu ya kubana na Pi inabaki kupokea na kurusha tu. C920 za zamani zilikuwa nayo, zilizotengenezwa baadaye zikaondolewa, kwa hiyo jina la modeli halikupi uhakika. Iangalie orodha.

Kama unafunga kamera mbili, moja ya mbele na moja ya kutazama chini, jiandae kukutana na ujumbe "No space left on device". Hauhusiani na kadi ya kumbukumbu. Kamera inapowashwa huomba itengewe nafasi kwenye njia ya USB, na nyingi huomba nafasi kubwa kuliko zitakayoitumia. Vifaa vyote vya USB 2.0 kwenye Pi 4 vinagawana njia ileile ya megabiti 480, hata ukivichomeka kwenye matundu tofauti. Punguza ukubwa wa picha au fremu za kamera ya pili. La sivyo, washa moja kwa wakati na ubadilishe kwa swichi ya rimoti, jambo ambalo rubani mmoja analimudu vizuri zaidi kuliko kutazama picha mbili.

Na zikiwa mbili, usizitaje kwa namba. Leo ya mbele ni video0, kesho ukiwasha droni imekuwa video2. Tumia majina ya kudumu yaliyo ndani ya /dev/v4l/by-id. Kama kamera zako ni za aina moja na hazina namba za pekee, tumia /dev/v4l/by-path, ambayo hufuata tundu lilipochomekwa.

Mwanga

Kamera za mezani zimetengenezwa kwa ajili ya uso wa mtu aliyekaa ndani. Mwanga ukipungua, nyingi hupunguza fremu kutoka 30 hadi 15 au chini ya hapo ili zipate muda wa kupokea mwanga zaidi, bila kukuuliza. Kwa mkutano ni jambo jema. Kwa droni inayoingia kwenye kivuli cha miti jioni ni hatari, kwa sababu picha inaanza kuchelewa wakati uleule unapoihitaji. Zima tabia hiyo:

v4l2-ctl -d /dev/video0 -c exposure_dynamic_framerate=0

Kwenye mifumo ya zamani jina lake ni exposure_auto_priority. Ukitaka kuona majina yanayotumika kwenye kamera yako, andika v4l2-ctl -d /dev/video0 --list-ctrls. Humo pia utaikuta focus_automatic_continuous, ambayo uiweke 0.

Mchana wenye jua kali unaweza kwenda mbali zaidi na kuuweka muda wa kupokea mwanga wewe mwenyewe, kwa auto_exposure=1 na exposure_time_absolute=50. Kipimo chake ni sehemu ya kumi ya milisekunde, hivyo 50 ni milisekunde 5. Muda mfupi hivyo unakata ukungu wa mwendo. Lakini ukiuweka muda huo kwa mkono, kumbuka kuurudisha kabla ya jua kuzama, la sivyo utaona giza tupu.

Umeme

Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Umeme huo usiuchukue kutoka kwenye bodi inayoongoza urukaji, maana bodi hiyo haikuumbwa kulisha kompyuta, na Pi ikivuta kwa ghafla unaweza kuizima bodi nzima ukiwa angani. Weka kipunguza volti chake, kile mafundi wa droni wanachokiita BEC, kinachotoka moja kwa moja kwenye betri na kinachoweza kutoa ampea 3 au zaidi.

Matundu manne ya USB ya Pi 4 kwa pamoja hayatoi zaidi ya ampea 1.2. Kamera inachukua sehemu ndogo tu, lakini kadi ya Wi-Fi ya nguvu kubwa inaweza kuzimaliza zote peke yake. Dalili zake zinapotosha: kamera inapotea kwenye orodha kila unapoanza kurusha, inarudi, inapotea tena, na unabadilisha kebo tatu bila mafanikio. Tiba ni kuilisha kadi ya Wi-Fi kwa BEC moja kwa moja, huku nyaya zake mbili za data zikienda kwenye Pi na hasi zote zikiunganishwa pamoja. Kwenye kebo nyingi za USB 2.0 nyekundu ni volti 5, nyeusi ni hasi, nyeupe na kijani ni data, ila pima kwa mita kabla ya kuamini rangi. Ukifupisha kebo, nyaya za data ziache zikiwa zimesokotana.

Baada ya majaribio ya mezani, andika:

vcgencmd get_throttled

Jibu likiwa 0x0, umeme umetosha na joto halijapita kiasi. Likiwa lingine lolote, kuna kitu kimepungua wakati fulani tangu uwashe, hata kama sasa hivi mambo yanaonekana mazuri. Usiruke mpaka upate 0x0. Joto nalo lipime kwa vcgencmd measure_temp. Pi huanza kujipunguzia kasi inapokaribia nyuzi 80, na droni iliyowekwa chini kwenye jua la saa saba ikisubiri GPS inafika huko haraka kuliko ikiwa inaruka. Bandika kipoza joto cha alumini na usiifunge Pi ndani ya kisanduku kisicho na matundu.

Amri ya kurusha

Programu tutakayoitumia ni GStreamer. Hufanya kazi kwa kuunganisha hatua moja na nyingine, kila moja ikipokea kutoka kwa iliyotangulia. Hii hapa amri nzima, iandike kwenye mstari mmoja:

gst-launch-1.0 v4l2src device=/dev/video0 ! image/jpeg,width=1280,height=720,framerate=30/1 ! queue max-size-buffers=1 leaky=downstream ! jpegdec ! videoconvert ! video/x-raw,format=I420 ! x264enc tune=zerolatency speed-preset=ultrafast bitrate=2500 key-int-max=15 ! rtph264pay config-interval=1 pt=96 ! udpsink host=192.168.1.50 port=5600 sync=false

Anwani 192.168.1.50 uibadilishe iwe ya laptopu au simu yako. Usiinakili tu, ielewe, maana siku ya tatizo ndipo utakapojua hatua ipi ya kugusa.

Kipande cha image/jpeg kinailazimisha kamera itoe MJPG kwa ukubwa unaoutaka. Hapo umeshaikwepa YUYV ya fremu 10.

Neno queue pamoja na leaky=downstream ndilo moyo wa amri hii. Linasema: Pi ikizidiwa, tupa fremu ya zamani, ibaki mpya. Bila hilo, fremu zinajipanga foleni zikisubiri zamu, na kila dakika inayopita unazidi kutazama mambo ya zamani. Picha inaonekana laini, haikatiki, na inadanganya. Afadhali picha inayoruka fremu mbili kuliko iliyo nyuma kwa sekunde mbili.

Format=I420 inaonekana kama pambo, lakini ukiiacha utapata tatizo gumu kulitambua. JPEG za kamera nyingi hubeba rangi kwa mpangilio wa 4:2:2, x264enc inaupokea na kutengeneza H.264 ya aina ambayo simu nyingi haziwezi kuifungua. Laptopu inaonyesha picha, simu inaonyesha weusi. I420 inairudisha kwenye aina ambayo kila kifaa kinaijua.

Tune=zerolatency inakizuia kibanaji kisilimbikize fremu ili kulinganisha. Bitrate ya 2500 ni kilobiti 2500 kwa sekunde, kiasi kinachotosha 720 ya ukaguzi. Key-int-max=15 inaweka picha kamili kila nusu sekunde, ili pakiti zikipotea njiani picha ijirekebishe mapema badala ya kubaki na madoa ya kijivu.

Pi 4 ina sakiti yake ya kubana H.264 hadi 1080 kwa fremu 30, na ukitaka kukipumzisha kichakataji unaweza kuibadilisha x264enc kwa v4l2h264enc, ukiongeza baada yake video/x-h264,level=(string)4 ndani ya alama za kufungia. Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 ina nguvu zaidi lakini sakiti hiyo iliondolewa, kwa hiyo huko utabaki na x264enc. Usinunue Pi 5 kwa kudhani kila kitu kimeongezeka.

Upande wa chini, fungua QGroundControl, ingia kwenye mipangilio ya video, chagua chanzo cha UDP h.264 na mlango wa 5600. Ukijaribu kwa VLC utaona picha ikichelewa sekunde nzima. Hiyo ni akiba ambayo VLC hujiwekea, milisekunde 1000 kwa kawaida, na haina uhusiano na droni yako.

Amri ikishafanya kazi, iweke kwenye faili, kwa mfano /home/pi/rusha.sh, uitengenezee huduma ya systemd yenye Restart=always na RestartSec=1. Kamera ikichomoka kwa mtetemo na kurudi, video itajiwasha yenyewe. Pia washa hali ya kusoma tu ya kadi ya kumbukumbu kupitia raspi-config, maana betri ya droni huchomolewa bila kuiaga kompyuta, na kadi nyingi huharibika kwa njia hiyo.

Kutoka angani hadi chini

Anza na Wi-Fi ya kawaida, laptopu ikiwa hotspoti. Kwa mita chache uwanjani inatosha kujifunzia. Lakini ielewe tabia yake: Wi-Fi ya kawaida ni mazungumzo ya pande mbili. Kila pakiti inasubiri kukiriwa, isipokiriwa inarudiwa, na mawasiliano yakidhoofika mno vifaa vinaachana kabisa na kuanza kusalimiana upya. Rubani anatoka kwenye picha nzuri kwenda kwenye kutoona chochote, bila onyo.

Tangu mwaka 2015 kumekuwapo njia nyingine, wifibroadcast, ambayo leo hutumika zaidi kupitia wfb-ng na OpenHD. Kadi ya Wi-Fi huwekwa katika hali ya kurusha bila kuunganishwa na mtu, kama kituo cha redio. Droni inarusha, anayesikia asikie. Kwa chaguo la kawaida la wfb-ng, kila pakiti 8 za video hurushwa zikiwa 12, na zikifika zozote 8 kati ya hizo picha inakamilika. Mawasiliano yakidhoofika utaona madoa, kisha madoa mengi, kisha ndipo ipotee. Madoa hayo ni onyo lako la kurudi. Kadi zinazotumika sana ni zenye chipu ya RTL8812AU, pamoja na programu endeshi iliyorekebishwa kwa kazi hii. Kwenye amri yetu, host inakuwa 127.0.0.1 na port inakuwa 5602, kisha wfb-ng inaibeba hadi mlango wa 5600 chini. Funguo zake mbili, ya droni na ya chini, lazima ziwe zimetengenezwa pamoja, na hizo ndizo zinazozuia jirani asitazame unachokitazama.

Rimoti nyingi zinatumia 2.4 GHz. Video yako iweke 5.8 GHz. Kadi nyingi za RTL8812AU ni za USB 3.0, na ripoti ya Intel ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba vifaa vya USB 3.0 humwaga kelele kwenye eneo la 2.4 GHz. Ichomeke kadi kwenye tundu jeusi la Pi, si la buluu. Itashuka hadi USB 2.0, kelele itakoma, na kwa video ya megabiti 3 hutapoteza kitu. GPS iinue juu ya kijiti, mbali na Pi na nyaya zake.

Antena za droni na za chini zisimame sambamba. Ncha ya antena usiielekeze kwa droni, kwa kuwa huko ndiko mawimbi yanakotoka kwa uchache zaidi. Na usiifiche antena nyuma ya sahani ya kaboni.

Wapo wanaopenda kurusha kwa mtandao wa simu wa 4G. Inawezekana, kwa kupitia VPN ya WireGuard kwenda kwenye seva yenye anwani ya wazi, kwa kuwa laini nyingi za simu hazikupi anwani inayofikika kutoka nje. Kuchelewa kunapanda na kushuka bila kutabirika, na droni ikiwa juu inaona minara mingi kwa pamoja na kurukaruka kati yake. Itumie kumwonyesha mtu aliye ofisini, usiitumie kuongozea.

Kufunga na kupima

Kamera iwekwe juu ya mipira laini ya kuzuia mtetemo au sponji yenye gundi pande mbili, na waya wake uachwe na kipinda kidogo cha kulegea, maana waya uliokazwa huupitisha mtetemo wote unaojaribu kuuzuia. Lisawazishe kila panga la mota kwanza. Panga lenye ufa mdogo huharibu picha kuliko kamera mbovu. Plagi ya USB ifungwe kwa kibano au tone la gundi ya moto, kwa sababu USB haina kufuli.

Kisha pima kuchelewa. Fungua saa ya kuhesabu sekunde kwenye simu, iweke mbele ya kamera, iweke skrini ya kituo chako karibu yake, na piga picha ya vyote viwili kwa simu nyingine. Tofauti ya namba mbili hizo ndiyo kuchelewa kwako. Rudia mara kadhaa, kisha uache mfumo uendelee dakika kumi na tano na upime tena. Namba ikiwa imeongezeka, kuna foleni mahali fulani: rudi kwenye queue, kwenye bitrate, au kwenye joto. Kwa mfumo huu, ukiupanga vizuri, tarajia milisekunde 120 hadi 250.

Kabla ya kuruka, hakikisha droni imepangiwa kurudi yenyewe nyumbani rimoti ikikatika, na uwe umelijaribu jambo hilo. Chukua pia kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Tanzania ni TCAA, Kenya ni KCAA chini ya kanuni zake za mwaka 2020 za ndege zisizo na rubani, na nguvu za redio na masafa ziko chini ya mamlaka za mawasiliano, TCRA na CA. Video ya mubashara inayopita juu ya nyua za watu ni taarifa binafsi zao, na nchi zote mbili zina sheria ya kuzilinda. Mwambie mwenye uwanja kabla hujawasha mota. Safari za mwanzo nenda na mwenzako ambaye kazi yake ni moja tu, kuitazama droni kwa macho huku wewe ukitazama skrini. Akisema rudi, rudi.

Ukitaka kukagua paa, mnara, bomba la shamba au kumtafuta mtu aliyepotea, kamera ya USB inaiweza kazi hiyo, na kwa bei ambayo chuo au kikundi cha vijana kinaimudu. Ukitaka mbio kati ya miti, achana nayo. Nunua mfumo wa analogi wa FPV, yaani wa kuongoza droni kwa kutazama skrini, ambao kuchelewa kwake mara nyingi ni chini ya milisekunde 50, na kamera yako ya USB iache kwenye droni ya ukaguzi.